Nairobi National Park bila gari: tiketi, basi na mambo ya kujua kabla utoke kwa nyumba

Kuna watu wamepita Langata Road na mathree ya Rongai miaka kumi, wanaona ile fensi kila asubuhi na hawajawahi kuingia, na ukiuliza ni kwa nini watakwambia hawana gari. Gari si lazima uwe nayo. Ila elewa hili kwanza: tiketi ni ya kuingia mbugani tu, usafiri wa kukuzungusha unalipiwa kando. Na huwezi kusema utatembea, mle ndani kuna simba, nyati na vifaru, kwa hivyo kwa miguu ni hapana na boda pia haingii.

Mimi nilijifunza hii vibaya. Mamangu alikuwa amekuja kutoka Bungoma, nikambeba pamoja na watoto wawili wa dada yangu, siku ya Jumanne, tiketi zote nimelipia kwa simu, kufika getini hakuna basi. Ikabidi tukodi van nzima na sisi ni wanne tu. Mama alifurahia sana twiga, lakini ile pesa ingetosha kwenda mara mbili.

Kwa hivyo nenda wikendi ama sikukuu, hapo ndio KWS (Kenya Wildlife Service, wenye kusimamia mbuga) huwa na magari yao ya kuzungusha watu kutoka geti kubwa, unalipia kiti chako tu. Fika mapema kwa sababu viti vinaisha na gari ikishaenda utangoja irudi. Mbuga inafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na hata kwa wanyama asubuhi ndio poa, jua likiwaka simba amelala kwa kichaka humuoni. Ukikosa basi, tafuteni watu mjae van moja mgawane gharama, hapo getini hukosi familia nyingine iko na shida kama yako, waongeleshe tu.

Tiketi lipa ukiwa bado nyumbani. Getini hawachukui keshi, ni eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali: unaingia kwa akaunti yako, unatafuta huduma za KWS, unachagua mbuga, tarehe, idadi ya watu, halafu unalipa na M-Pesa. Chagua vizuri ile sehemu ya raia wa Afrika Mashariki, mkaazi ama mgeni wa nje, bei zinapishana mbali sana, na ubebe kitambulisho juu utaulizwa. Mtoto chini ya miaka mitano halipiwi. Kuhusu bei yenyewe, miaka mingi Mkenya alikuwa analipa shilingi 430, halafu 2025 KWS ikatangaza bei mpya, kwa hivyo achana na skrinshoti za zamani zinazozunguka WhatsApp, bei ni ile mfumo unakuonyesha siku unalipa.

Kufika ni rahisi. Panda 125 ama 126 za Rongai pale Railways, mwambie konda akushushe geti ya KWS, ukishapita Wilson na Uhuru Gardens jitayarishe. Kutoka tao si mbali.

Chupa za plastiki za kutupa acha nyumbani, zimekatazwa kwa mbuga zote tangu Juni 2020, beba maji kwa chupa ya kutumia tena. Beba na chakula. Omba dereva asimame pale pembe za ndovu zilichomwa 1989, kuna mahali pa kushuka na choo, na pia Hippo Pools, pale kwa mabwawa ya viboko, ambapo unashuka utembee kando ya mto ukiwa na askari wa mbuga. Usiahidi watoto ndovu, mbuga hii haina ndovu wa porini na watakusumbua siku nzima.

Na kama umekosa gari kabisa, usirudi nyumbani na huzuni. Hapo hapo kando ya geti kubwa kuna Safari Walk na Animal Orphanage, sehemu za kuona wanyama waliofungiwa, hizo unatembea kwa miguu yako. Tiketi zake ni tofauti, ya mbuga haikuingizi, lakini unalipia kwa simu vile vile ukiwa umesimama hapo, so hakikisha simu iko na chaji na bando.