Jinsi ya kuchaji kishikwambi ili betri isichoke mapema

Wiki iliyopita mwalimu mmoja kaniletea kishikwambi kakiviringisha kwenye kanga, anasema fundi, kioo kimeachia gundi nibandikie tu niwahi daladala. Nikakilaza mezani, kikawa kinayumba. Ukibonyeza kona hii ile nyingine inanyanyuka, na ubavuni kumeachia uwazi unapitisha laini ya simu kabisa. Nikamwambia mwalimu, hapa gundi haina kosa, betri imevimba kama andazi na ndo inayosukuma kioo. Akashangaa, maana hajawahi kukidondosha wala hakijaingia maji. Nikamuuliza huwa unakichajije? "Nikishamaliza kusahihisha usiku nachomeka, nachomoa asubuhi naenda kazini." Na kinalala wapi? "Chini ya mto, wasikione watoto."

Basi jibu lote liko hapo. Na sio yeye tu, tangu vile vishikwambi vya Sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu, hii kesi ya kioo kunyanyuka naiona mara kwa mara, na ukiuliza maswali mawili matatu unakuta hadithi ni ile ile, kinajazwa mpaka 100 kinaachwa humo humo usiku kucha, sehemu yenye joto. Hivyo vitu viwili vikikutana betri haina ujanja.

Nieleze kidogo ili ujue kwanini, sio unafuata masharti tu kama ya mganga. Betri za vishikwambi vya siku hizi ni za lithiamu. Inavyozidi kujaa, volteji yake inapanda mpaka kwenye 4.2 hivi, nyingine 4.4, na ikifika huko juu vile vimiminika vya ndani vinaanza kuharibika polepole, hata kama hutumii. Joto likiongezeka uharibifu unaenda mbio. Kuna gesi inatokea, na kwa kuwa betri ya kishikwambi ni kama kifuko bapa kilichozibwa pande zote, gesi haina pa kutokea, ndo kinavimba. Chini kabisa nako ni hivyo hivyo, betri ikiishia 0 ikakaa hivyo wiki kadhaa inaharibika kwa njia yake nyingine. Kwahiyo betri inapenda katikati. Ukiweza kuichezesha kati ya 20 na 80 muda mwingi, umemaliza kazi kubwa.

Hapo kuna mtu atasema sasa mimi nichomeke mara ngapi kwa siku, si nitaimaliza? Hapana. Watu wengi wanahesabu vibaya. Mzunguko mmoja wa chaji ni jumla ya asilimia 100, sio kila ukichomeka. Leo umetumia 60 ukarudishia, kesho ukatumia 40, huo ndo mzunguko mmoja. Apple wenyewe wanasema betri ya iPad imetengenezwa ibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 1000, sasa hiyo 1000 ukiitumia vizuri ni miaka. Kuchomeka kidogo kidogo wala hakuna dhambi, ni bora kuliko kusubiri mpaka kizime. Na ule ushauri wa "kipya kichaji masaa 8 kabla hujakiwasha" ulikuwa wa betri za zamani za nikeli, ukimsikia muuzaji anakwambia hivyo leo mwache tu aendelee.

Sasa kwa vitendo. Kama kishikwambi chako kina ulinzi wa betri, washa leo hii. Kwenye Samsung nyingi ingia setingi, sehemu ya betri, utakuta kitufe cha kuzuia chaji isipite 80 (zile za zamani kidogo inaishia 85). iPad za kuanzia 2024, yaani Pro ya M4 na Air ya M2, nazo zina kikomo cha 80. Kama chako hakina, swichi ya ukutani unayo. Chomeka ukiwa unaoga na kula jioni, zima kabla hujalala. Au geuza, chomeka alfajiri ukiamka, mpaka umalize kujiandaa kimeshafika pazuri.

Wale wa dukani mnaotumia kishikwambi kupokea malipo na kupiga mahesabu, kimechomekwa kuanzia asubuhi mpaka unafunga, hicho kikomo kwenu ni lazima. Betri inayokaa 100 kila siku juu ya kaunta huwa haichukui muda kuvimba.

Ila nisiwe mnafiki, kuna sehemu umeme unakatika ovyo, unajua kabisa kesho siku nzima hakuna. Hapo jaza mpaka 100, ni kishikwambi sio yai. Ubaya sio kufika 100, ubaya ni kukaa huko masaa na masaa. Kijaze, chomoa, anza kutumia.

Joto ndo nataka tukae nalo kidogo maana huku Pwani ndo linatumaliza. Apple wanasema iPad ikikaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 35 uwezo wa betri unaweza kushuka moja kwa moja, haurudi. Sasa fikiria Dar mwezi wa pili, nje tu nyuzi 32 au 33, ndani ya chumba cha bati mchana je? Ukichaji kishikwambi chenyewe kinaongeza joto lake, ukikilaza kwenye godoro joto halina pa kwenda, ukiweka na mto juu ndo umekipika kabisa. Kwahiyo ukichaji kiweke kwenye kitu kigumu na cha baridi, mimi nyumbani nakilaza sakafuni kwenye vigae, pembeni ya ukuta wasikikanyage. Vua kava, hasa yale manene ya mpira ya watoto yenye mkono wa kushikia, yale ni kama kuvaa koti Machi. Dirishani jua linapopiga hapana, na kwenye dashibodi ya gari mchana usithubutu hata kama hakichaji.

Na gemu wakati wa kuchaji. Hapa wazazi mnanielewa. Mtoto kalala kifudifudi, waya umechomekwa, gemu limepamba moto, ukigusa mgongo wa kishikwambi kama pasi iliyozimwa sasa hivi. Kipimo changu ni hiki: gusisha mgongo wake shavuni, ukishindwa kuvumilia, chomoa na zima kipumzike. Usikiweke kwenye friji! Nimeletewa kilichotoka kwenye friji, ndani kuna matone ya maji kama glasi ya juisi. Feni inatosha.

Chaja sasa. Kishikwambi kina betri kubwa kuliko simu, Galaxy Tab A8 kwa mfano ni mAh 7040, na inapokea mpaka wati 15. Ukiichomeka kwenye kichaja cha simu ndogo cha wati 5 utasubiri masaa sita na zaidi, na ukiwa unaangalia video hapo hapo unaweza kukuta asilimia hazipandi kabisa. Betri haifi kwa chaja ndogo, ila inakulazimisha uache kimechomekwa usiku kucha, tunarudi kule kule. Tafuta chaja ya wati kinazopokea, za kampuni inayoeleweka. Ukiishika mkononi ni nyepesi kama kiberiti kitupu na bei yake ni ya soda, iache hapo hapo dukani, hizo ndo zinatoa volteji ya kupanda na kushuka na zinaunguza sistimu ya chaji.

Ukija kwenye kuungua, mara nyingi ni umeme unaporudi. Ukikatika, chomoa, usiache chaja inasubiri. Ukirudi subiri dakika tano utulie ndo uchomeke, maana ule mshtuko wa kwanza unaweza kuja mkubwa kuliko kawaida. Kama nyumbani una kile kifaa cha kulinda friji, chomekea hapo hapo. Wanaochajia sola wao wasichomeke moja kwa moja kwenye paneli kwa waya wa kuunga unga, wapitishie kwenye kidhibiti chenye tundu la USB.

Na kama waya unashika mpaka uukunje, usikimbilie kwangu. Zima kishikwambi, chukua kijiti cha meno kikavu, toa vumbi taratibu kwenye tundu la chaji. Nusu ya wanaokuja wanaondoka hivyo, na huwa siwalipishi, ingawa mke wangu hapendi kusikia hilo.

Likizo ndefu unataka kukifungia kabatini? Kiache kwenye 50 hivi, kizime kabisa, kiwe sehemu isiyo na joto, na kila baada ya mwezi au miwili kichungulie ukirudishie. Ukikiweka kikiwa na 3 kitaisha chenyewe humo ndani mpaka ulinzi wa betri unakata. Kikigoma kuwaka usikate tamaa haraka, kichomeke kwenye chaja nzuri nusu saa bila kukibonyeza bonyeza, vingi vinaamka. Visipoamka ndo uje.

Kikianza kuzima kikiwa bado 20, au asilimia zinaruka kutoka 40 mpaka 12, jaribu mara moja kukitumia mpaka kiishe halafu kijaze mpaka 100 mfululizo, wakati mwingine ni kipimo tu kimepotea. Hii sio ya kila wiki, mara moja kwa miezi kadhaa inatosha. Hali ikibaki vile vile betri imechoka, badilisha. Na ikishavimba hakuna dawa: acha kuchaji, usiibonyeze irudi, usiitoboe kutoa gesi kama watu wanavyoelekezana mtaani, ile inashika moto mkononi na moshi wake ni sumu. Usiitupe kwenye taka za kuchoma pia.

Yule mwalimu nilimwekea betri nyingine, kakichukua juzi. Jana usiku kanitumia picha: kishikwambi kiko juu ya kabati, kava limevuliwa pembeni, waya umening'inia. Nikakuza picha nione asilimia. 97, saa nne na nusu usiku. Nikamwandikia mwalimu, swichi. Kajibu "nazima sasa hivi fundi".