Namna ya Kukokotoa Daraja Lako katika Kozi ya Fizikia ya Chuo Kikuu

Kabla ya kukokotoa chochote, soma muhtasari wa kozi unaotolewa mwanzoni mwa muhula, kwa kuwa humo ndimo hutajwa uzito wa kila kazi. Tuchukue mfano wa kozi ambayo mazoezi yana asilimia 15, maabara 20, jaribio la katikati ya muhula 25 na mtihani wa mwisho 40.

Geuza kila alama iwe asilimia, uizidishe kwa uzito wake, kisha ugawanye kwa 100. Mwanafunzi aliyepata 90 katika mazoezi, 80 katika maabara, na 18 kati ya 30 katika jaribio, yaani asilimia 60, ana 13.5, 16 na 15, ambazo jumla yake ni 44.5 kati ya 60. Wengi hujumlisha 90, 80 na 60, wakagawanya kwa tatu na kujipa karibu 77, ilhali hali halisi ni karibu 74, kwa sababu jaribio walilofanya vibaya ndilo lenye uzito mkubwa kuliko mazoezi au maabara, kila moja peke yake. Akitaka kumaliza na 70, atoe 44.5 katika 70, kisha agawanye 25.5 inayobaki kwa 40. Atahitaji karibu asilimia 64 katika mtihani wa mwisho.

Angalia pia masharti yasiyoonekana katika hesabu hiyo. Kozi nyingine humfelisha aliyeshindwa maabara hata kama jumla yake inatosha. Nyingine hufuta zoezi moja lenye alama ndogo zaidi. Wako pia wahadhiri wanaopanga madaraja kwa kulinganisha wanafunzi wa darasa zima, na hapo 64 yaweza kuwa alama nzuri mtihani ukiwa mgumu.

Ndani ya swali lenyewe, alama nyingi huwa katika njia, si katika jibu. Aliyechora mchoro wa nguvu, akataja kanuni ya uhifadhi wa nishati na kuandika mlinganyo sahihi, kisha akakosea kuzidisha, kwa kawaida hupoteza alama chache tu, ilhali aliyeandika namba tupu isiyo na kizio huenda asipate kitu. Katika ripoti ya maabara, tokeo lililo mbali na thamani inayojulikana halikuangushi ikiwa umekadiria kosa la upimaji na kueleza chanzo chake. Kinachoangusha, na kwa haki, ni kurekebisha data ili zifanane na kitabu.

Karatasi ikirudi, jumlisha alama upya swali kwa swali, na ukiona hitilafu iwasilishe kwa maandishi kabla muda wa rufaa haujapita.