Namna ya kusoma kalenda ya Hesiod kwa Kilimia

Katika hekaya za Wagiriki wa kale, mwaka ulisomwa angani. Orion, mwindaji jitu, huwafukuza mabinti saba wa Atlas usiku baada ya usiku asiwapate. Mabinti hao ni Pleiades, nyota zile zile tunazoziita Kilimia. Hesiod, mshairi na mkulima wa Askra huko Boiotia, alizigeuza mbio hizo kuwa kalenda ya shamba katika utenzi wake Kazi na Siku, yapata mwaka 700 KK.

Kwanza zijue nyota zenyewe. Tafuta nyota tatu zilizojipanga mstari kiunoni mwa Orion. Ukiufuata mstari huo upande mmoja utafika Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Upande wa pili utapita Aldebaran, yenye wekundu, kisha utakiona kishada kidogo cha Kilimia. Usishangae ukihesabu sita tu. Ndivyo waonavyo wengi kwa macho matupu.

Kisha, kila Hesiod anaposema nyota "imechomoza" au "imezama", uliza: ni alfajiri au jioni? Mashariki au magharibi? Hapa ndipo wasomaji wengi hupotea, maana kila siku nyota huchomoza na kuzama. Yeye anataja siku moja maalumu. Kilimia kuchomoza ni kuonekana tena mashariki kwa mara ya kwanza, muda mfupi kabla ya jua, karibu na katikati ya Mei kwa enzi zake. Ndipo mundu hunolewa kwa mavuno. Kabla ya hapo hufichika siku 40, kwa kuwa jua liko karibu nacho mno. Kuzama ni kushuka magharibi alfajiri, mwanzoni mwa Novemba: wakati wa kulima na kupanda. Watu wa pwani yetu nao waliuchunga ule ufichikaji wa siku 40: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua."

Kuzama huko kwa Novemba ndiko pia mwisho wa safari za baharini. Kilimia kinapomkimbia Orion na kutumbukia baharini, pepo huchafuka. Hesiod anaagiza chombo kivutwe nchi kavu, kizungushiwe mawe, na kizibo cha chini kichomolewe ili maji ya mvua yasikiozeshe.

Nyota nyingine hujaza nafasi zilizobaki. Siku 60 baada ya jua kugeuka kutoka kusini, mwishoni mwa Desemba, Arcturus, nyota nyingine angavu, huchomoza jioni. Pogoa mizabibu kabla mbayuwayu hajafika. Orion akionekana mara ya kwanza alfajiri, pura nafaka. Orion na Sirius wakiwa katikati ya anga na alfajiri ikamwona Arcturus, chuma zabibu zote: zianike juani siku 10 mchana na usiku, ziweke kivulini siku 5, na siku ya sita mvinyo utiwe vyomboni.

Usisome nyota peke yake. Hesiod huziambatanisha na viumbe: kilio cha korongo huita plau, na konokono akipanda mimea, palizi ya mizabibu imekwisha. Alama hizi zina kazi kubwa, hasa mawingu yanapoziba upeo.

Kosa lingine ni kupima maneno yake kwa anga ya leo. Mhimili wa dunia huyumba polepole, takriban digrii 1 kwa miaka 72, hivyo sasa Kilimia huonekana tena Ugiriki mwezi Juni. Ukitumia programu ya nyota, weka latitudo 38 kaskazini. Zile zinazohesabu mwaka sifuri huandika 700 KK kama -699. Nyingi hutoa tarehe za enzi hizo kwa kalenda ya Julius, ile ya kale ya Kirumi, kwa hiyo punguza takriban siku 7 kabla ya kulinganisha na kalenda yetu.