Jinsi ya Kufunga Boti Nyembamba Gatini: Mfano wa Stoke Bruerne, Uingereza

Mwongozo huu ni kwa wenzangu mlioko Uingereza mnaokodi boti nyembamba za mifereji, au mnaotaka kuhamia humo kabisa. Mfano wangu ni Stoke Bruerne, Northamptonshire, kwenye mfereji wa Grand Union. Ukitoka kusini unafika hapo baada ya kupanda milango saba ya maji, yaani vyumba vya kupandishia na kushushia boti. Ukitoka kaskazini, umepita handaki la Blisworth lenye urefu wa zaidi ya mita 2,800. Kwa vyovyote unafika umechoka, na aliyechoka hukimbilia gati.

Hatua ya 1: Jua unachohitaji. Kagua tangi la maji na kaseti ya choo, yaani chombo kinachokusanya uchafu wa choo, ukiwa bado njiani. Ramani ya mtandaoni ya Canal & River Trust, taasisi inayosimamia mifereji mingi ya Uingereza na Wales tangu 2012, inaonyesha mabomba ya maji, vyoo na mahali pa kutupa taka. Kama maji yamepungua, simama kwanza bombani, jaza, kisha sogea ukatafute pa kulala. Bombani si mahali pa kulaza boti.

Hatua ya 2: Soma kibao. Pasipo na kibao, kwa kawaida mwisho ni siku 14. Penye wageni wengi unaweza kukuta saa 48, hata 24. Usifunge kwenye gati la kusubiria milango ya maji, chini ya daraja, kwenye kona, wala pale mfereji ulipopanuliwa ili boti zigeuke.

Hatua ya 3: Ingia polepole. Mwendo wa juu kabisa mfereji mzima ni maili 4 kwa saa, yaani kilomita 6.4, lakini ukifikia boti zilizofungwa punguza hadi injini ingurume tu. Boti ya mita 17 ina uzito wa tani 15 hivi na haina breki. Breki yako ni rivasi, na ukiwa kwenye rivasi usukani karibu haukusikii kabisa. Kwa hiyo elekeza omo, yaani mbele ya boti, kwenye gati kwa mshazari mdogo, na utie rivasi mapema. Omo ikikaribia, rudisha gia ya mbele, sukuma kana, yaani mkono wa usukani, upande wa gati na ongeza mafuta kidogo sana: omo itatoka nje, tezi, yaani nyuma ya boti, itaingia, na boti italala sambamba na ukuta.

Hatua ya 4: Shuka na kamba ya katikati. Kamba hii imefungwa juu ya paa, na ncha yake iwe karibu na mkono wako pale tezi. Isiwe ndefu kiasi cha kuifikia propela ikianguka majini. Shuka kwa kupiga hatua, usiruke. Usiweke mguu wala mkono kati ya boti na ukuta. Ikigonga, iache igonge, rangi hupakwa tena. Zungusha kamba mara moja kwenye pete au nguzo ya gati uiache ikukazie boti yenyewe, na usiizungushe mkononi hata siku moja.

Hatua ya 5: Funga omo na tezi. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Aliyezoea Mombasa au Unguja huacha kamba ndefu ili boti ipande na kushuka na maji kujaa na kupwa. Mfereji haujui kujaa wala kupwa. Kinachoisumbua boti hapa ni mwenzako anayepita: maji yake huivuta yako mbele, kisha nyuma, na kamba iliyolegea huiruhusu ipate kasi hadi ing'oe vigingi. Kwa hiyo kamba ya omo iende mbele kwa mshazari wa nyuzi kama 45, ya tezi iende nyuma vivyo hivyo, zote ziwe zimenyooka zikiwa na ulegevu mdogo tu, maana maji yanaweza kushuka kidogo usiku. Palipo na boti nyingi zinazopita, ongeza kamba ya tatu kutoka omo kuelekea nyuma.

Pasipo na pete, tazama ukingo. Ukingo ukiwa na reli ya chuma, pitisha kulabu au mnyororo nyuma ya reli. Ukiwa wa udongo, pigilia vigingi kwa nyundo, vichwa vikiinamia mbali na boti, na uvifunike kwa kitambaa cheupe ili waendesha baiskeli wavione. Kisha legeza ile kamba ya katikati. Ikibaki imekazwa juu ya paa, boti inayopita itaiinamisha yako ubavu na vyombo vya jikoni vitaanguka.

Hatua ya 6: Tafuta huduma. Beba ule ufunguo mmoja unaofungua vituo vya taasisi kote nchini. Bombani, acha maji yatiririke kidogo kabla ya kuingiza mpira tangini. Kaseti ya choo humwagwa kwenye kituo chake maalumu tu, kamwe si kwenye choo cha kawaida. Suuza sinki ukimaliza, anayekufuata ni jirani yako. Hapo Stoke Bruerne jumba la makumbusho ya mfereji limo ndani ya kinu cha zamani cha nafaka, na baa ya Boat Inn iko ng'ambo yake. Kwa manunuzi makubwa itakubidi uende mji wa Towcester.

Mwisho, nenda kaitazame namba ya daraja lililo karibu, uiandike pamoja na jina la mfereji, na uibandike karibu na mlango. Ukipiga 999 usiku, gati halina namba ya nyumba. Namba ya daraja ndiyo itakayosaidia gari la wagonjwa kukufikia.