Programu ya blogu ikianza kulipiwa, soma leseni kwanza

Programu ya blogu uliyozoea kuitumia bure ikianza kudai hela, usikimbilie kulipa, wala usihame kwa hasira. Soma kwanza leseni ya toleo ulilonalo. Mei 2004, kampuni ya Six Apart ya Marekani ilipotoa programu yake ya blogu, Movable Type 3.0, toleo la bure lilibanwa hadi mwandishi mmoja na blogu tatu. Aliyetaka zaidi alilipa. Wengi walihamia WordPress, programu nyingine ya blogu, ambayo ina leseni huria iitwayo GPL: nakala ukishaipata, una haki ya kuitumia, kuirekebisha na kuigawa, na hakuna wa kukunyang'anya. Hapo ndipo penye tofauti kati ya kitu cha bure kwa sasa na programu huria.

Kulipa si vibaya hata kidogo, watengenezaji nao wana familia. Ila lipa ukiwa na uwezo wa kuondoka. Kwenye WordPress, ingia sehemu ya Zana utoe faili la XML, yaani nakala ya maandishi ya blogu yako inayoweza kupakiwa kwingine. Litakuwa na makala, kurasa na maoni ya wasomaji. Picha hazimo! Faili hilo linabeba anwani za picha tu, kwa hiyo nakili pia folda ya wp-content/uploads, zinamokaa picha kwenye seva (kompyuta inayohifadhi blogu), la sivyo siku seva ya zamani ikizimwa, picha zote zimekwenda. Kisha lipakie faili kwenye blogu ya majaribio uone kama herufi na tarehe zimekaa sawa.

Na jina la tovuti lisajili kwa jina lako mwenyewe.