Kuwatazama viumbe wa seli moja wa baharini kwa hadubini

Ukichota maji ya bahari kwa kikombe na kutazama tone lake, huenda usione kitu. Viumbe wamo, ila wametawanyika. Kwanza uwakusanye.

Hatua ya 1. Tumia wavu wa planktoni (viumbe wadogo wanaoelea majini) wenye matundu ya mikromita 20. Uvute polepole chini kidogo ya uso wa maji, dakika 3 hadi 5. Ukikimbilia, maji hufurika mdomoni mwa wavu badala ya kuchujika.

Hatua ya 2. Gawa sampuli. Nusu ibaki hai, kivulini, kwenye chupa isiyojaa. Nusu nyingine itie iodini ya Lugol, dawa ya kuhifadhi inayoua viumbe, tone kwa tone hadi maji yawe na rangi ya chai nyepesi. Nilipoanza nilikuwa naitia chupa nzima, nikabaki na maiti tu. Tena iodini yenye asidi huyeyusha magamba ya chokaa ya kokolithofori, mwani wa seli moja.

Hatua ya 3. Weka tone la sampuli hai kwenye slaidi, ulaze kioo cha kufunikia ukianzia upande mmoja ili mapovu yasinaswe. Anza na lenzi ya kukuza mara 10, kisha 40. Punguza mwanga, maana gamba la dayatomu (mwani wa seli moja) ni la silika, angavu kama kioo, na mwanga mkali hulifuta machoni.

Hatua ya 4, ambayo ndiyo utamu wenyewe: usikimbilie majina, tazama mwendo. Anayekwenda huku akizunguka kama pia, huyo ni dinoflajelata. Ana mijeledi miwili, yaani nyuzi za kuogelea: mmoja umelala katika mfereji wa kiunoni, mwingine umeelekea nyuma. Dayatomu hana mjeledi. Wengi huelea tu, ingawa wengine huteleza juu ya kioo. Ukiona mnyororo wa seli zenye miiba mirefu pembeni, huyo ni Chaetoceros, aina ya dayatomu.

Hatua ya 5. Pima, lakini kwa tahadhari. Gamba la dayatomu ni kama kopo na kifuniko chake. Seli ikigawanyika, kila mtoto hurithi kipande kimoja na kujitengenezea kingine kinachoingia ndani yake. Hivyo wastani wa ukubwa hushuka kizazi kwa kizazi, hadi uzazi wa kijinsia uurudishe. Wakubwa na wadogo wanaweza kuwa spishi ileile.

Tone likianza kukauka utaona vipande vya mraba vyenye kingo kali. Hiyo ni chumvi. Badilisha slaidi.