Namna ya kusoma ahadi za kampuni ya mafuta kuhusu gesi joto

Tangu serikali yetu ya Kongo ilipoweka mnadani vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi ya Ziwa Kivu mwaka 2022, imetupasa sisi wa Goma kujua kusoma ripoti ambazo kampuni za mafuta hutoa kuhusu kupunguza gesi joto, yaani gesi zinazoipasha dunia joto.

Kwanza, na hili ni kubwa kuliko yote, tafuta hesabu yao inaishia wapi. Uchafuzi huandikwa katika mafungu matatu: wa mitambo ya kampuni yenyewe, wa umeme inaounua, na ule unaotokea wateja wanapochoma mafuta waliyouziwa. Fungu la tatu kwa kawaida hupita robo tatu ya uchafuzi wote, lakini ahadi nyingi hugusa mawili ya kwanza tu. Chukua bidoni la lita 20 la esansi (petroli), kama yale yanayopangwa kando ya barabara zetu. Esansi hiyo ina uzito wa kilo 15 hivi, lakini ikichomwa hutoa karibu kilo 46 za hewa ya ukaa, kwa kuwa kaboni yake hujiunga na oksijeni ya hewani. Ni hewa ileile ya mazuku, inayojikusanya mabondeni huku kwetu na kuua mbuzi.

Kisha angalia kama wameahidi kupunguza jumla ya tani, au tani kwa kila pipa. Anayepunguza kwa pipa huku akiongeza mapipa anaweza kuchafua zaidi kuliko jana bila kuvunja neno lake. Linganisha pia ripoti za miaka tofauti: mwaka 2020 BP, kampuni ya mafuta ya Uingereza, ililenga kupunguza uzalishaji wake wa mafuta na gesi kwa asilimia 40 ifikapo 2030, na mwaka 2023 ikashusha lengo hilo hadi asilimia 25.

Utafiti wao wa kupunguza gesi joto usiudharau, ila upime ukubwa wake. Huko Sleipner, machimbo ya gesi baharini Norway, tangu 1996 hewa ya ukaa inayotenganishwa na gesi asilia huzikwa chini ya bahari, na kwa miaka mingi imekuwa karibu tani milioni 1 kwa mwaka. Ni kazi ya kweli, nami naiheshimu. Hata hivyo, kiasi hicho hutolewa na mapipa ya mafuta yasiyofika milioni 3, ambayo dunia huyamaliza kabla saa moja haijaisha.

Mwisho, tafuta neno metani, gesi ambayo kwa miaka 20 hupasha joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule. Kama ripoti haisemi iwapo uvujaji wake ulipimwa kwa vyombo kisimani au ulikadiriwa mezani, liandike swali hilo na ulipeleke kwenye kikao cha kwanza watakachoita mtaani kwenu.